Mishahara Isiyo na Majina

Mwisho wa mwezi, katika ofisi moja ya Dar es Salaam, faili la mishahara liligoma kufunguka. Mhasibu alikuwa ameliandaa nyumbani, laptopu ikiwa nje ya mtandao. Asubuhi akahifadhi masahihisho ya mwisho, akachomeka waya, kazi ikaanza kusafiri kwenda kwenye seva, na umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, kwa hiyo vyote vikazimika pamoja. Fundi alipoitwa alikuta vijana wawili wa ofisi wameshatoa dawa: futa akiba ya mafaili, washa upya, mambo yatakaa sawa.

“Shikamoo, mama. Kuna aliyebonyeza chochote?”

“Marahaba, baba. Hakuna. Nimewakatalia.”

Akachomoa waya wa mtandao, akanakili kila kilichobaki kwenye diski ya pembeni, ndipo akavuta kiti.

Dawa ya wale vijana ipo kweli. Windows hutunza nakala za mafaili ya seva kwenye folda iliyofichwa iitwayo CSC, na ipo njia ya kuifuta yote kompyuta inapowashwa upya. Ila inafuta pia kazi ambayo haijafika kwenye seva. Ugonjwa unaondoka na mgonjwa.

Nakala ya kwenye laptopu ilikuwa na jina lake, tarehe yake na ukubwa wake kamili. Ndani mlikuwa na sifuri tupu. NTFS, utaratibu ambao Windows hupangia mafaili kwenye diski, huweka kumbukumbu ya majina na ukubwa ili umeme ukikatika visivurugike. Yaliyomo hayamo kwenye ahadi hiyo. Nakala ya kwenye seva ilikatika njiani, lakini kile kilichofika kilikuwa kizima. Fundi alipoifungua kwa programu inayoonyesha baiti mojamoja, herufi mbili za mwanzo zilikuwa PK: Phil Katz, Mmarekani aliyetoa PKZIP mwaka 1989. Faili la Excel la siku hizi ni kifurushi cha zip, na orodha ya vilivyomo hukaa mwishoni kabisa. Mwisho ukikosekana, Excel inasusa kila kitu. Fundi hakuihitaji orodha. Kila kipande ndani ya kifurushi kina kichwa chake, naye akavifuata kimoja baada ya kingine mpaka akaifikia karatasi ya mishahara.

Tarakimu zikatoka: mishahara, makato, mikopo. Majina hayakutoka. Excel kwa kawaida haiandiki jina ndani ya seli. Inaweka namba tu, na maneno yote inayakusanya kwenye kipande kingine, ambacho kilikuwa upande ule uliokatika. Penye jina la dereva palikuwa na 41, penye jina la mlinzi 42. Kuanzia hapo kazi ikawa ya watu wawili. Fundi akafungua faili la mwezi uliopita, akatoa orodha yake ya maneno, akawa anataja namba, jina na kiasi, mama mhasibu anathibitisha kwa kichwa: huyu ndiye, huyu ameacha kazi, huyu kaongezewa. Walipovuka namba ya mia, vijana walikuwa wameshatoka kwenda kula.

Subira ya namna hii iliwahi kuwa ndani ya mashine zenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kuanzia mwaka 1987, Satyanarayanan na wenzake walijenga Coda, mfumo uliomwezesha mtu kuendelea na mafaili ya seva hata mtandao ukiwa umekatika. Nakala mbili zikigongana kwa namna ambayo mfumo haukuweza kuiamua, Coda ililifungia faili hilo na kumsubiri mtu alirekebishe kwa mkono. Haikubahatisha. Windows 2000 ilipoleta mafaili ya nje ya mtandao maofisini, nayo iliuliza: ubaki na hili, lile, au yote mawili? Tatizo ni kwamba ilimuuliza mtu mwenye haraka, naye akawa anabonyeza chochote kitakachomwondolea kidirisha mbele ya macho.

Siku hizi hata swali lenyewe limepungua. Ofisi nyingi zimehamishia kazi kwenye hifadhi za mtandaoni, na tiki ya kijani imekuwa ushahidi wa kutosha. Tiki hiyo inasema nakala zinafanana. Haisemi kwamba ni nzima. Faili lililojaa sifuri husawazishwa vizuri kabisa, likafika kwenye kila kompyuta, likapewa tiki yake. Matoleo ya zamani yapo, na pipa la taka la OneDrive ya kazini hutunza kilichofutwa kwa siku 93, muda mzuri kwa mtu anayeangalia. Lakini faili kama la mkataba wa pango hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Na fundi yule, ambaye angejua aanzie wapi siku ya 94, sasa anaishi kwa kujaza wino wa printa. Ofisi zinamlipa kwa kila katriji. Saa za kutazama baiti hakuna anayezilipia.