Gramofoni za kupamba saluni

Siku hizi kuko mtindo kati yetu sisi tuliotoka universite: kutafuta gramofoni ya zamani, kuitengeneza, kisha kutuma picha. Mbao imepigwa msasa, vanishi mpya, pembe inang'aa sawa jua. Chini yake watu wanajaza pongezi. Mimi nasema wazi: sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mbaya, uzuri wake uko mu picha tu.

Tuanze na mashine. Gramofoni ya manivela haina umeme. Springi inakazwa kwa mkono, na vizito vidogo vinashika mwendo ubaki karibu mizunguko 78 kwa dakika. Sindano inatikisa kiwambo chembamba, mara nyingi cha mika au alumini, kilichoshikwa na mpira pembeni. Mpira ule ukizeeka unakuwa mgumu sawa jiwe, sauti inakwaruza. Kuubadilisha ni bei ndogo, lakini hauonekani kwenye picha, njo maana wengi wanauacha. Badala yake wanasugua mbao mpaka alama ya kiwanda inafutika, ile ingetuambia mashine ilitoka wapi. Zingine hata alama ni ya uongo: zinaunganishwa India kwa vipande vya zamani na vipya, pembe ya shaba, kibandiko cha HMV. Pembe ikimeremeta sana na bei iko chini, uliza mara mbili.

Lakini hayo ni madogo. Shida ni diski. Kichwa cha mashine hizi kinalalia diski kwa gramu 100 na zaidi. Mashine za umeme za baadaye zinaweka gramu chache tu. Diski za 78 zilitengenezwa kwa shelaki na unga wa mawe, ngumu kwa kusudi, ili zenyewe zinoe ncha ya sindano ya chuma ikae vizuri mu mfereji. Kisha upande mmoja, sindano inatupwa. Sasa mtu anatumia sindano moja mwezi mzima kwa ajili ya video. Hiyo si sindano tena, bana, ni patasi. Mwingine anaweka juu yake diski ya vinili ya mizunguko 45: mara moja tu, imekwisha. Mwingine tena anasafisha shelaki kwa alkoli ya famasi, na alkoli inayeyusha shelaki!

Na diski zenyewe ni zipi? Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948, mwaka ule ule Wendo alirekodi Marie-Louise na gitaa la Henri Bowane. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo: gitaa moja, na Kiswahili chetu cha Katanga. Rekodi za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini, mu ILAM, taasisi aliyoianzisha mwaka 1954. Diski zilizobaki huku kwetu ziko mu masanduku ya mababu, na hizo njo tunazikwangua kwa dakika tatu za video.

Wengine watajibu kwamba mashine isiyoimba ni maiti. Kweli. Basi iimbe diski za dansi za Ulaya, zile zilizochapwa kwa wingi, na sindano mpya kila upande. Diski ya Ngoma, Opika ao Loningisa ipelekwe kwa mwenye mashine ya umeme yenye mkono mwepesi na sindano ya 78, ambayo ni pana karibu mara tatu kuliko ya vinili, irekodiwe mara moja vizuri. Na muache makelele yake kidogo. Wanaoyafuta yote kwa programu wanafuta pia pumzi ya mwimbaji.

Kama ni lazima kutuma picha, mutume ya lebo ya katikati, pande zote mbili: jina la mwimbaji, namba ya diski, lugha ya wimbo. Pembe tumeziona za kutosha.