Shilingi ya Waziri

Shilingi moja leo hainunui hata pipi. Lakini pale bungeni Dodoma, kati ya Aprili na Juni, mbunge anayejua kuishika anaweza kumtoa jasho waziri mwenye bajeti ya mabilioni.

Hotuba ya wizara ikishajadiliwa, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika sasa ni Mwenyekiti, na ulimi ukiteleza ukamwita Spika, wenzako watakukumbusha. Katibu Mezani anasoma mafungu, kifungu kwa kifungu. Wakifika kwenye mshahara wa waziri, mbunge anasimama: asipopata maelezo ya kutosha, anatoa shilingi kwenye mshahara huo.

Wengi huishika ovyo. Barabara, maji na zahanati kwa pumzi moja. Waziri anajibu kwamba ushauri umepokelewa, basi yamekwisha. Fundi hafanyi hivyo. Amekesha na randama, yaani kitabu cha maelezo ya bajeti ya wizara, ameona mwaka jana fedha ngapi ziliidhinishwa na Hazina ikatoa ngapi, maana fedha za kwenye kitabu na fedha zilizofika si ndugu wa tumbo moja. Anauliza jambo moja tu. Anaomba wenzake wamuunge mkono, kisha ananyamaza. Waziri akitaja tarehe, nayo ikaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, mbunge anairudisha shilingi. Kujua saa ya kuirudisha, kwangu mimi, ndiyo kazi yenyewe.

Kwa nini wasiikatae bajeti yote? Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likifanya hivyo. Panga hilo linamkata na anayelishika. Shilingi haimjeruhi mtu. Tena muda ni mfupi: saa zikiisha na gilotini ikaingia, vifungu vilivyobaki vinapita bila mjadala.

Kuna mafundi wengine nawastahi zaidi, wa Kamati ya Sheria Ndogo, ambao kamera haziwafuati. Kanuni za mawaziri na sheria ndogo za halmashauri huwafikia zikiwa zimeshatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kama mchele unaochambuliwa sufuria ikiwa jikoni. Wanasoma mstari kwa mstari, sheria mama ikiwa wazi pembeni. Je, faini imezidi kiwango kilichoruhusiwa? Kifungu kinachotajwa kipo? Jedwali linalingana na kanuni inayolitaja? Palipoandikwa kifungu cha 12 badala ya cha 21, kidole kinasimama, na karatasi inarudi wizarani.