Kiambishi KI- na Utu wa Mtu

Wako wataalamu wasemao ya kuwa lugha yetu imewavunjia heshima wenye ulemavu kwa kuwatia katika ngeli ya KI-VI pamoja na vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Nia yao ni njema, lakini hoja yao haitoshi. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika umbo lilo hilo, wala hatuoni kuwa wamedharauliwa. Tena Mswahili hasemi "kipofu kile kimeingia". Husema "kipofu yule ameingia". Upatanisho ndio umtambuao mtu, na atakaye kutusi huuondoa: "kizee kile kimekuja." Neno zeruzeru halina KI-, lakini halikuwa ngao kwa waliouawa kwa ajili ya viungo vyao.

Basi yafaa tuulize: ni nani amwondoleaye mtu upatanisho wake? Mfano mzito tunao Songea. Mwaka 1906, katika Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi wa Wangoni, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwao. Yasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Zama zile mafuvu ya watu wa makoloni yalikusanywa na kupimwa ili wanadamu wapangwe daraja kwa daraja. Katika vipimo hivyo mtu aliyepigana hugeuka fuvu lililopokewa. Rais Steinmeier alipoomba radhi mjini Songea tarehe 1 Novemba 2023, wazao hawakuwa wakidai kitu kilichopotea, bali babu asiyerudi.

Kipimo hicho hakikuishia kwenye mbari. Mwaka 1933 Ujerumani ilitunga sheria ya kuwaondolea uwezo wa kuzaa, kwa lazima, watu waliohesabiwa kuwa na maradhi ya kurithi, wakiwamo vipofu na viziwi. Mwaka huohuo kikaundwa Nairobi chama cha Wazungu cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Huko nako hakutajwa mtu, ila damu na mbegu.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 imechagua kusema "watu wenye ulemavu", na uchaguzi huo wastahili sifa, maana mtu ametangulia. Lakini leo vipimo vya mimba vyaweza kufichua baadhi ya tofauti za maumbile kabla ya mtoto kuzaliwa, na elimu hiyo yahitaji istilahi. Tukiandika "kuzuia ulemavu" ilhali maana ni kuwazuia wenye ulemavu wasizaliwe, tutakuwa tumetoa hukumu kabla mzazi hajauliza swali. Mzazi astahili kuelezwa hali ilivyo, na jinsi watu wenye hali hiyo waishivyo, istilahi isimwamulie.

Kazi ya mwanaisimu, basi, si kufuta KI- tu. Hana budi kuipekua sentensi nzima na kuuliza yuko wapi mwenye A-. Kipofu anenaye mwenyewe ana utu wake kamili; bali "mtu mwenye ulemavu" anenewaye daima na wengine, jina lake limetengenezwa, hali yake ni ileile.