Sikio la Mke wa Mtunzi

Hapa Nyangwe watu hunipa pole kwa kuolewa na mtunzi wa riwaya, kisha hunisifu kwa subira. Sifa hiyo siitaki. Subira anayo hata anayengoja mtumbwi kwenye mto Lualaba. Kuishi na mtu ambaye akili yake imehamia kwa watu wasiokuwapo ni ufundi: ujue sahani ya sombe isogezwe lini, daftari zifichwe wapi watoto wasizichane kufungia karanga, na umwambie mgeni "baba hayupo" bila kujiona mwongo, maana kweli hayupo.

Lakini kazi yenyewe hasa ni kusikiliza. Mume wangu anaandika juu ya soko letu la 1871, mwaka ambao msafiri Livingstone alikuwa hapa, karatasi zimemwishia, akiandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa rangi ya mimea. Tarehe 15 Julai watu wa misafara ya watumwa waliwafyatulia bunduki wanawake waliokuja kuuza. Wengi walikufa maji wakikimbilia mitumbwi. Hayo mume wangu anayajua kunishinda. Asilolijua ni soko. Usiku mmoja alinisomea: muuza chumvi anataja bei, mnunuzi analipa, anakwenda zake.

"Baba watoto," nikamwambia, "mama huyo humjui."

Muuzaji wa kwetu huanza kwa kukuuliza hali ya nyumbani. Hujaza kipimo mpaka chumvi imwagike, kisha hupangusa juu kwa kiganja, taratibu, akikutazama usoni, uone kwamba inayorudi ni yake. Nawe huondoki mpaka akupe nyongeza. Mume wangu alikasirika, akalala kanipa mgongo. Asubuhi niliukuta ukurasa umechanwa.

Sofia Tolstaya, naye mke wa mtunzi, anakumbukwa kwa kunakili rasimu za *Vita na Amani* kwa mkono. Mimi nadhani sikio lake lilifanya kazi kubwa kuliko mkono, ila sikio haliachi alama kwenye karatasi.

Sasa mtunzi wangu amefika asubuhi ile ya Julai, amekwama. Alitaka wanawake wale wafe kwa umati, kama walivyohesabiwa kwa mamia, nimemkatalia. Kila mmoja awe na mzigo wake kichwani, na mtu anayemdai. Jana akaniuliza muuza chumvi aitwe nani. Nikamwambia angoje kwanza, samaki wanaungua.