Maji ya Stockmann na Maji ya Hamburg

Mchezo wa Henrik Ibsen uitwao En folkefiende, yaani Adui wa Watu, uliotolewa mwaka 1882, husifiwa kuwa ni kioo cha mashindano baina ya elimu na utawala. Sifa hiyo yataka kupunguzwa. Daktari Stockmann apeleka maji ya maogeo ya mji wake yapimwe chuo kikuu, na waraka warudi ukithibitisha kuwa yamechafuka. Tangu hapo hapana mtaalamu asimamaye kumpinga. Ndugu yake, meya, asema hakuridhika kuwa hatari ni kubwa kiasi hicho, wala hatafuti kipimo cha pili; ahesabu gharama, na miaka miwili ya kufungwa maogeo. Kwa hiyo mwandishi amempa daktari ushindi kabla ya shauri kuanza. Kilichobaki ni ugomvi wa fedha na vyeo, nao umeelezwa kwa ustadi, hasa pale mhariri Hovstad na mpiga chapa Aslaksen wanapomgeuka daktari mara wasikiapo kwamba mzigo utawaangukia wenye mji.

Ugumu wenyewe ulionekana Hamburg, miaka 10 baadaye, kwani huko kila upande ulikuwa na bingwa wake. Robert Koch alishikilia kuwa kipindupindu huletwa na kijidudu kisafiricho majini. Max von Pettenkofer, aliyeheshimiwa kwa haki katika elimu ya afya, alishikilia kuwa kijidudu pekee hakitoshi pasipo hali maalumu ya udongo. Mwaka 1892 maradhi yaliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, mji uliokunywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa. Altona, mji uliopakana nao, uliteka maji ya mto uleule, tena chini zaidi, baada ya kupokea taka za Hamburg. Lakini uliyachuja kwa mchanga, na kwa sehemu kubwa ukasalimika. Pettenkofer hakukubali. Mwezi wa Oktoba alikunywa vijidudu hivyo, akaharisha kidogo tu. Ushujaa huo ungempendeza Stockmann, ila mtu mmoja si mji.

Hapo ndipo tendo la nne la mchezo linapopwaya. Daktari aziacha habari za maji, awashutumu walio wengi kuwa ni adui wa ukweli. Nao wampigia kura yeye, si maji. Hapana hata mmoja aulizaye ni kipimo gani kitakachowaridhisha daktari na meya kwa pamoja. Katika jambo la gharama, lakini, Ibsen hakukosea: Hamburg ilibishania fedha za machujio miaka mingi, na kazi iliyokuwa imekwisha anza kabla ya maradhi ilikamilika mwaka 1893.