Joseph Shabalala na Sanaa ya Kunyata

Ukiwauliza wapenzi wa muziki walimfahamu lini Joseph Shabalala, wengi watakutajia mwaka 1986. Huo ndio mwaka Paul Simon wa Marekani alipotoa albamu ya Graceland, na ndani yake kikasikika kikundi cha wanaume wa Kizulu kiitwacho Ladysmith Black Mambazo, wakiimba bila gitaa wala ngoma. Tangu hapo imezoeleka kumsimulia Shabalala kama mtu aliyeokotwa: mgeni alipita, akaona kito vumbini, akakiinua. Mimi siyakubali masimulizi hayo, na sababu zangu si za uzalendo wa Kiafrika tu. Ni za kimuziki.

Muziki wake unaitwa isicathamiya, jina litokanalo na kitenzi cha Kizulu chenye maana ya kunyata. Ulikulia katika mabweni ya wanaume walioacha wake na watoto vijijini wakaenda kutafuta riziki migodini na viwandani, Johannesburg na Durban. Wazee wetu wa Mbeya na Rungwe waliochukuliwa na WENELA kwenda migodini kabla ya Uhuru waliyajua mabweni ya namna hiyo. Jumamosi usiku vikundi vilishindana hadi alfajiri, na mshindi huenda akaondoka na mbuzi. Waimbaji wenyewe husimulia kwamba walicheza kwa ncha za vidole ili wasiwashtue walinzi. Kabla ya hapo ulitamba mtindo wa mbube, uliopewa jina la wimbo aliourekodi Solomon Linda mwaka 1939, ambao nguvu yake ilikuwa katika kupaza: sauti ya kiongozi ikipaa, besi zikinguruma chini yake.

Shabalala, mtoto wa wafanyakazi wa shamba la mzungu karibu na mji wa Ladysmith, aliukuta uwanja huo alipokwenda Durban kufanya kazi kiwandani. Alikuwa amekwisha kuwa na kikundi chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1964, kwa maelezo yake, alianza kuota ndoto za watoto wakiimba kwa upatano ambao hajapata kuusikia macho. Kila anayeandika juu yake huinukuu ndoto hiyo, kwa kuwa inapendeza. Kwangu mimi jambo kubwa ni yale aliyoyafanya baada ya kuamka. Kumwambia mwanamume aliyezoea kushinda kwa kelele kwamba apunguze sauti si kazi ndogo. Ilimbidi awafunze upya, na baadaye akajizungushia ndugu: Headman na Jockey wa tumbo moja naye, kisha mwaka 1969 binamu zake akina Mazibuko. Mwaka uliofuata wakapata mkataba baada ya kusikika redioni, na mwaka 1973 ikatoka albamu yao ya kwanza, Amabutho.

Sikiliza jinsi kwaya hiyo ilivyopangwa. Sauti zilizo nyingi ni besi. Juu yake kuna sauti moja moja tu za juu, na mbele kabisa ni tena ya Shabalala mwenyewe. Kwa hesabu ya kawaida besi zingeimeza sauti yake. Hazimezi, kwa sababu zimefundishwa kujizuia. Zinashuka mpaka kuwa kama pumzi, kiongozi anasema neno lake, halafu zinainuka pamoja na kukoma pamoja, kana kwamba ni kifua kimoja. Naye hawaongozi kwa fimbo akiwa amewapa hadhira mgongo, kama walivyotuzoesha wamisionari. Anaimba akiwa safu moja nao, na amri yake imo ndani ya wimbo. (Kwaya zetu nyingi za leo, zilizokwisha kujikabidhi kwa kinanda cha umeme na vipaza sauti, zingefaidika kukaa saa moja na kanda hizo.)

Haya yote yalikuwa yamekamilika miaka mingi kabla ya Graceland. Ndiyo maana nasema kwamba kazi bora za Shabalala ni zile alizowatungia watu walioelewa kila neno lake, ikiwamo albamu ya dini, Ukusindiswa. Baada ya 1986 msikilizaji alibadilika, na mtunzi akabadilika naye. Shaka Zulu ya mwaka 1987, ambayo Simon aliisimamia na ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, ni albamu nzuri, lakini ina nyimbo za zamani zilizoimbwa upya kwa ajili ya mgeni, na Kiingereza kimechomekwa hapa na pale. Kiingereza chake ni cha maneno machache yaliyo wazi mno. Katika Kizulu Shabalala ana mafumbo na majigambo. Katika Kiingereza anabaki na salamu na dua. Inkanyezi Nezazi, wimbo wa nyota na mamajusi, ulitumika Uingereza katika tangazo la maharage ya kopo, na ndipo Waingereza wengi walipoupenda. Waliipenda sauti tu. Sisemi ni dhambi, ila mtunzi anayependwa hivyo amepokonywa nusu ya kazi yake.

Hata hivyo kumlaumu kwa kuufungua mlango ni kusahau yaliyompata Solomon Linda. Linda aliiuza haki ya Mbube kwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962, huku wimbo wake ukiwatajirisha wengine ng'ambo. Wimbo wa Homeless, uliorekodiwa London, unawataja watunzi wawili, Simon na Shabalala, na sehemu yake ya Kizulu imejengwa juu ya wimbo wa harusi. Tofauti kati ya shilingi kumi na jina katika orodha ya watunzi si tofauti ya sanaa, lakini watoto hula kwayo.

Wala umaarufu haukumkinga. Headman aliuawa kwa risasi mwaka 1991. Mkewe, Nellie, aliuawa mwaka 2002 kwenye uwanja wa kanisa. Katikati ya misiba hiyo miwili alikuwa ameimba Oslo, Mandela alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mwaka 2003 ikatoka Wenyukela, na nilipoisikiliza nilitegemea kilio. Badala yake nilikuta besi zile zile, zimeteremshwa chini kabisa, na mzee akiimba juu yake bila kuinua sauti.

Alistaafu mwaka 2014, akafariki Februari 2020. Wanawe walikuwa wamekwisha kuingia safuni. Wanaimba vizuri, wananyata vizuri pia, ila nyimbo nyingi wanazoshangiliwa nazo bado ni za baba yao.