Sauti, Silabi na Maana: Mbinu ya Kufundishia Kusoma Kiswahili

Mbinu ya kufundisha watoto wadogo kusoma kwa sauti za herufi imetetewa sana Uingereza, na chanzo chake ni maendelezo ya Kiingereza chenyewe. Lugha ile ina sauti zipatazo 44 na herufi 26 tu; kundi moja la herufi, kama ough, hutamkwa kwa namna nyingi. Ripoti ya Jim Rose ya mwaka 2006, iliyopendekeza sauti zifundishwe mwanzo na kwa utaratibu maalumu, ilikuwa ikijibu tatizo hilo. Kiswahili hakinalo. Dawa ilistahili kupimwa upya kabla ya mgonjwa mwingine kunyweshwa.

Nchini Kenya, mpango wa Tusome ulioenezwa na Wizara ya Elimu tangu mwaka 2015 katika madarasa ya mwanzo ulifundisha lugha zote mbili kwa utaratibu unaofanana. Mema yake si ya kubezwa, hasa vitabu vilivyomfikia mtoto mwenyewe mkononi. Taabu iko penye kipashio. Konsonanti kama b haitamkiki peke yake ila kwa kuazima irabu. Mtoto husema “bu”, kisha huamriwa aiunganishe na a. Apate nini? “Bua”? Walimu wa zamani walioimbisha ba, be, bi, bo, bu huenda hawakusoma isimu, lakini walishika kipashio ambacho lugha yenyewe hukitumia. Chuoni nako, mwanafunzi hafiki kwenye neno ila kwa njia ya herufi iliyotiwa irabu; na istilahi hiyo ya irabu wanaisimu wameirithi huko huko.

Na litazamwe neno mbuni. Likiwa ndege, mb ni sauti moja na neno lina silabi mbili; likiwa mtu abuniye, m ni silabi kwa nafsi yake, na silabi huwa tatu. Herufi ni zile zile tano. Orodha ya sauti haimwonyeshi mtoto tofauti hiyo. Mtoto wa Mombasa ana lake la ziada: katika Kimvita, paa la nyumba na paa mnyama hutofautiana kwa mpumuo wa p, ilhali maendelezo sanifu huyaandika sawa. Akiambiwa kwamba kila herufi ina sauti moja, masikio yake hukataa.

Lililo zito zaidi ni kipimo cha kasi. Msomaji hodari alitarajiwa kusoma maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo si dharau kwa Kiswahili, kwani neno kama hawajatutembelea hubeba kazi ya sentensi nzima. Lakini maendelezo yetu ni manyoofu mno hata mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya kwao aweza kulitamka bila kukwama, akahesabiwa amesoma, wala asijue ni nani hakumtembelea nani. Maswali ya ufahamu huja baadaye, hali kosa limekwisha kupita. Na hapo ndipo silabi ingalimfaa: katika ha-wa-ja-tu, kila silabi ni kiambishi chenye maana yake, ukanushi, watendaji, wakati na watendwa. Sauti ya h peke yake haikanushi kitu.